Nimeambiwa sina haki ya kuhakiki vitabu. Nifanyeje?

*"Naishi Likoni na nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tangu mwaka jana jarida dogo la kila mwezi limenipa ukurasa mmoja nihakiki vitabu vipya, vya kubuni na visivyo vya kubuni. Mwezi uliopita niliandika kwamba riwaya ya jirani yetu 'imelegea katikati'. Nakala alinipa yeye mwenyewe, bure. Tangu siku hiyo hanisalimii, na watu wanamwambia mamangu kwamba sina hata shahada ya fasihi, kwa hivyo nani kanipa haki ya kuhukumu? Sasa mezani nina vitabu vinne: riwaya ya upelelezi, diwani ya mashairi ya Kimvita, historia ya pwani na kitabu cha mapishi. Mtu mmoja anaweza kuvihakiki vyote? Nivipime vipi? Ni lazima nivisome hadi mwisho? Na hadithi niisimulie kiasi gani?"*

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona chini ya maswali yako kuna moja linalokuuma kuliko yote: je, ulimkosea jirani yako? Nitaanza na hilo.

Ulimkosea, lakini si kwa namna anayodhani yeye. Hukukosea kuona kwamba riwaya imelegea. Ulikosea kuishia hapo. "Imelegea katikati" ni hukumu isiyo na shahidi. Mwandishi hajui ulegevu huo uko wapi, kwa hivyo hawezi kujirekebisha wala kujitetea. Kilichobaki kwake ni kukasirika tu. Na msomaji aliyesimama dukani na pesa zake mkononi hajui kama kilichokuchosha wewe kitamchosha na yeye. Ulikuwa na sababu, hilo silitilii shaka, ila sababu zenyewe ulibaki nazo kichwani, ukatupa jina la ugonjwa bila dalili zake.

Nilihariri miswada kwa zaidi ya miaka 20 kabla sijaanza kuhakiki, na kazi hiyo ilinifunza kusoma na penseli mkononi. Kuna riwaya moja niliisoma kwenye feri, asubuhi nikienda mjini na jioni nikirudi. Ukurasa wa 74 nikajikuta natazama maji. Nikatia alama. Ukurasa wa 91 nikatazama maji tena. Nilipofika nyumbani nilizifungua kurasa zile nikajiuliza imekuwaje, maana kitabu nilikuwa nakipenda. Kumbe kati ya sura ya saba na ya kumi mhusika mkuu anakwenda Malindi mara tatu, na kila safari anarudi na habari ileile, kwamba babake hataki kuuza shamba. Safari ya kwanza inatuonyesha ukaidi wa mzee. Ya pili na ya tatu hazituongezei kitu. Basi hivyo ndivyo nilivyoandika, na namba za sura nikazitaja, kisha nikaongeza kwamba maelezo ya njiani, mikorosho na vumbi na makondakta wanavyoita abiria, ni mazuri sana, na mtu anayependa kusafiri taratibu huenda asione tatizo nililoliona mimi. Mwandishi hakufurahi. Lakini hakuweza kusema nimemsingizia, na msomaji alipata kitu cha kuamulia.

Sasa hili la shahada. Wanaokuambia huna haki wanachanganya kazi mbili, na siwalaumu, maana shule zetu ndizo zilizotuchanganya. Wakenya wengi walikutana na uhakiki mara ya kwanza katika vitabu teule, wakijiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwongozo mkononi: ploti, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Huo ni uchambuzi, na ni kazi ya heshima. Lakini unaandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari amekisoma kitabu na anataka kukielewa zaidi. Uhakiki wa jaridani unaandikwa kwa mtu ambaye hajakisoma na anajiuliza kama akisome. Wa kwanza unaruhusu kusimulia kila kitu. Wa pili hauruhusu. Wa kwanza unahitaji istilahi. Wa pili unahitaji mtu aliyesoma kwa makini, mwenye kumbukumbu ya vitabu vingine vya aina hiyo, na mkweli kuhusu mipaka ya anachokijua. Ukiona umeanza aya kwa "maudhui ya ukoloni mamboleo yanajitokeza", jua umerudi darasani, na msomaji wako anafunua ukurasa unaofuata.

Na kuna imani nyingine ninayotaka uiache: kwamba ipo mizani moja ya kupimia vitabu vyote, na wewe kazi yako ni kuitafuta. Haipo. Kila kitabu kinakuja na ahadi. Ahadi hiyo iko kwenye jalada, kwenye dibaji, na zaidi katika kurasa kumi au ishirini za mwanzo, pale mwandishi anapokuonyesha ni mchezo gani mtacheza. Soma kurasa hizo polepole, kisha andika kwa sentensi moja: kitabu hiki kinaniahidi nini? Sentensi hiyo ndiyo utakayopimia. Ndiyo pia jibu langu kwa swali lako la kwanza, kwamba ndiyo, mtu mmoja anaweza kuhakiki aina nyingi za vitabu, mradi asilaumu embe kwa kutokuwa nazi.

Riwaya yako ya upelelezi, kwa mfano, haikuahidi falsafa. Imeahidi fumbo, na kwamba wewe msomaji utapewa nafasi ya haki ya kulifumbua. Kwa hiyo ukiimaliza, rudi sura tatu za mwanzo uzisome tena ukiwa unamjua mwenye hatia. Je, dalili zilikuwepo, zimefichwa mbele ya macho yako? Kama zilikuwepo na hukuziona, mwandishi ni fundi, mpe haki yake. Kama muuaji ni mtu aliyeingia hadithini sura moja kabla ya mwisho, ahadi imevunjwa, na hilo unaweza kulisema bila kufichua jina lake.

Diwani ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kwa niaba yako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mji huu unadai tukae. Kwanza, isome kwa sauti. Shairi la kimapokeo halikutungwa kwa ajili ya macho, na utakapolisoma kwa sauti sikio litakuambia mizani, yaani hesabu ya silabi, imepungua wapi hata kabla hujahesabu kwa vidole. Pili, kuwa mwangalifu na kile utakachokiita kosa. Nimeona wahakiki wakiandika kwamba mtunzi "ameshindwa kutumia Kiswahili sanifu" kwa sababu ameandika *mato* badala ya macho, *nti* badala ya nchi, *ndia* badala ya njia, *kitwa* badala ya kichwa. Hayo si makosa. Hicho ni Kimvita, lugha ya mji aliyotungia mshairi Muyaka bin Haji karne mbili zilizopita, na ndiyo lugha aliyotungia Abdilatif Abdalla mashairi ya *Sauti ya Dhiki* akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972. Kitabu hicho kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Tena lahaja haiko pale kama pambo tu. Ubeti ambao kina chake cha mwisho ni *-to*, ukimtaka mtunzi abadilishe *mato* kuwa macho, umemwambia auvunje ubeti.

Unachoweza kuuliza kwa haki ni kitu kingine: je, mtunzi amelitumia neno hilo kwa sababu linafanya kazi, au amelipachika kwa kuwa lina sura ya zamani? Utajua kwa kuangalia mshororo mzima. Kama maneno yote ni ya kawaida na ghafla linaibuka neno moja la kale penye kina, huenda mtunzi alikuwa ameishiwa na vina akakimbilia kabatini. Na mkutubi au mchapishaji akikuletea diwani ya mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, siku nyingine, tafadhali usiihesabie mizani. Ubishi wa kama hayo ni mashairi kweli ulipiganwa sana miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya mashairi huru, *Kichomi*, mwaka 1974, na sioni faida ya kuufufua kila diwani inapotoka. Shairi huru limeahidi taswira na mapigo yake lenyewe, liulize hayo.

Historia ya pwani nayo imeahidi ukweli, na ukweli una njia za kuupima hata kwa mtu asiye mwanahistoria. Chagua jambo unalolijua vizuri, ukafungue ukurasa unaolizungumzia. Wewe ni mtu wa Mombasa, kwa hivyo anza na Ngome ya Yesu. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498. Ngome ilianza kujengwa 1593, karibu miaka mia moja baadaye. Kitabu kikimfanya Vasco da Gama mjenzi wa ngome, mwandishi hakufungua vitabu vya wenzake, na una sababu ya kukagua kurasa nyingine kwa jicho kali.

Lakini makosa hayalingani uzito, na hapa ndipo wahakiki wengi wanapopotea. Wanakusanya makosa madogo kumi ya tarehe na tahajia, wanayaanika, wanaona kazi imekwisha. Jiulize kosa limebeba nini. Chukua ule mzingiro wa Waomani dhidi ya Wareno walioishika ngome: ulianza Machi 1696 na ngome ikaanguka Desemba 1698. Mwandishi akikosea siku tu ya mwezi, huo ni mtelezo, utaje kwa sentensi moja au umwandikie mchapishaji pembeni. Lakini akisema ngome iliangushwa mwaka uleule wa 1696, basi miaka miwili ya mzingiro imefutika, na pamoja nayo imefutika njaa na maradhi yaliyowamaliza waliokuwa ndani. Sura nzima inayoeleza kwa nini Wareno walishindwa haisimami tena. Kosa kama hilo ndilo la kupewa aya. Angalia pia kama anataja habari zake amezipata wapi. Mwandishi anayetegemea masimulizi ya wazee hana kosa, pwani yetu imehifadhi mengi kwa njia hiyo, ila atuambie ni masimulizi, na kama yanapingana atuonyeshe yanavyopingana.

Kitabu cha mapishi kihakiki jikoni. Chagua mapishi mawili: chakula ambacho nyumbani kwenu mnakipika mkiwa mmefumba macho, na kingine ambacho hamjawahi kukipika. La kwanza litapima ujuzi wa mwandishi, la pili litapima kama maelezo yake yanatosha. Niliwahi kuletewa kitabu kizuri cha kutazama, picha zinang'aa, na humo mlikuwa na mahamri: unga, sukari, iliki, hamira, tui la nazi, kanda, acha uumuke, kata, kaanga. Dadangu alisoma akasema sawa, kiko sawa. Nikampa mpwa wangu wa miaka 17, ambaye hajawahi kukanda unga. Akafuata kilichoandikwa. Akatoa tui kwenye friji likiwa baridi, akasubiri nusu saa, akasukuma, akatia kwenye mafuta. Yakatoka mazito kama mawe, hata moja halikufura. Hamira inataka uvuguvugu na muda; baridi inailaza. Dadangu alikuwa amejaza mapengo kwa ujuzi wake mwenyewe bila kujua kwamba anajaza. Kitabu kilikuwa kimeahidi, kwenye jalada, kuwafunza wanaoanza. Niliandika hayo yote, na sikuhitaji neno kali hata moja.

Kuhusu kusoma hadi mwisho: kwa riwaya, historia na diwani, ndiyo, ni lazima. Riwaya iliyoyumba katikati huenda ikajikomboa sura ya mwisho, na historia mara nyingi huweka hoja yake nzito mwishoni. Kitabu kikikushinda kabisa, una njia mbili za uaminifu, ama usikihakiki, ama useme wazi ulifika ukurasa gani na kwa nini uliacha. Mapishi, kamusi na vitabu vya marejeo havisomwi hivyo, vinatumiwa, kwa hivyo vitumie wiki mbili tatu kabla hujaandika.

Na kusimulia? Nenda mpaka pale jambo la kwanza kubwa linapotokea, kisha simama. Kwa riwaya nyingi hapo ni robo ya kwanza. Ukihitaji kugusa mwisho ili ueleze udhaifu wake, eleza aina ya udhaifu: "suluhisho linaletwa na mtu ambaye hatukumjua". Na ukinukuu, nukuu kwa kipimo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki mradi iwe kwa kiasi cha haki na mwenye kazi atajwe. Kwa mashairi jihadhari zaidi, maana ukichapa beti zote nne za shairi lenye beti nne, hujanukuu, umelichukua shairi lenyewe. Mshororo mmoja au miwili uliochaguliwa vizuri unatosha. Nisisahau pia: ukiletewa tafsiri, mtaje mfasiri kwa jina na useme kitu kuhusu Kiswahili chake. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kama *Peponi* tunaisoma kwa maneno aliyoyachagua Ida Hadjivayanis. Uhakiki usiomtaja unafanya kama kwamba maneno hayo yalijiandika.

Narudi kwa nakala ya bure. Nakala haikununui, ndiyo desturi ya wachapishaji kila mahali, na bila hiyo wahakiki wengi wasingeweza kufanya kazi. Andika tu mwishoni kwamba nakala ilitolewa na mchapishaji au mwandishi. Ukaribu ni jambo tofauti, na hapo ndipo ulipoteleza. Mombasa ni mji mdogo. Waandishi wetu ni walimu wa watoto wetu, tunakutana nao msikitini, kanisani, harusini. Ukisema hutamhakiki mtu yeyote unayemjua, utabaki na vitabu vya ng'ambo tu, na waandishi wa hapa, ambao ndio wanaohitaji zaidi kusomwa kwa makini, watakosa msomaji. Ukisema utamhakiki kila mtu, utajikuta unapunguza makali kwa huyu na kuyaongeza kwa yule. Mimi binafsi simhakiki jamaa, wala mtu ninayedaiana naye, wala mtu ambaye mswada wake niliugusa. Jirani wa kawaida namhakiki, lakini nasema ni jirani. Huenda wewe ukachora mstari wako mahali pengine. Chora tu, na mhariri wako aujue. Na kitabu cha kwanza cha mtu asiyejulikana, kama ni kibaya cha kweli, mara nyingi ni bora kukiacha kipite kimya, kwani hakuna msomaji anayehitaji kuonywa dhidi ya kitabu ambacho hakuna aliyekisikia. Makali yahifadhi kwa kitabu kinachosifiwa kila upande na hakistahili.

Yapo mambo ambayo karatasi hii haiwezi kukusaidia. Ukihisi kwamba kurasa fulani zimeibwa kutoka kitabu kingine, usiandike neno hilo. Weka vitabu vyote viwili mbele ya mhariri wako, linganisha aya kwa aya, na aamue kama wakili aone kabla ya kuchapisha. Kusema sentensi haina ladha ni maoni yako, lakini kumwita mtu mwizi ni madai, na madai yanaweza kukupeleka mahakamani. Kwa ile diwani, tafuta mtu mzima anayekijua Kimvita, keti naye barazani umsomee, na pale atakapokukatiza ndipo penye kazi. Kwa historia, kurasa zinazokutia shaka zipeleke kwa watu wa makumbusho pale Ngome ya Yesu au ukazilinganishe na vitabu vya maktaba.

Na jirani. Usimwandikie, nenda. Mpitie jioni na nakala ile ile aliyokupa, ikiwa na alama zako za penseli kama ulizitia. Kama hukuzitia, isome tena kwanza uzitie, maana bila hizo huna la kumpelekea. Usimwombe msamaha kwa maoni yako, maana atajua unadanganya. Mwambie: nilisema imelegea bila kukuonyesha wapi, na hilo nilikosea. Kisha fungua kurasa umwonyeshe, na umwonyeshe pia zile zilizokufurahisha, kwa kuwa hukumaliza kitabu kizima bila kufurahi mahali. Huenda akakuambia hukuelewa, na huenda akawa sahihi katika kurasa mbili tatu. Akiwa sahihi, toleo lijalo lina nafasi ya mistari mitano ya kusahihisha, na utaiandika kwa jina lako. Asipokufungulia mlango, mwachie mamake au mkewe salamu, na mwezi ujao anza na ile riwaya ya upelelezi.